Kifurushi Kikubwa, Picha Chafu: Maswali na Majibu kuhusu Filamu za Intaneti Nyumbani

Tangu Netflix ilipofungua milango Afrika Mashariki Januari 2016, mambo mengi yamekuwa nafuu: faiba imefika mitaani na runinga janja za inchi 43 zimejaa madukani. Lakini watu wengi bado wanalipia picha ambayo hawaipati. Maswali yaliyochaguliwa hapa yanagusa pesa moja kwa moja, maana kila muuzaji ana jibu lake: wa intaneti anasema ongeza kasi, wa runinga anasema nunua 4K. Jibu langu ni tofauti, na nitalitetea.

Nalipia intaneti ya megabiti 30 kwa sekunde. Mchana picha ni safi, ila ikifika saa tatu usiku inafifia na kujaa mabaka. Nipandishe kifurushi?

Bado. Kwa kipimo cha Netflix wenyewe, filamu ya HD kamili, yaani ya mistari 1080, inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, na ya 4K inahitaji 15. Megabiti 30 zikifika kweli kwenye runinga yako zinabeba filamu mbili za 4K kwa pamoja. Cha kuuliza ni kama zinafika, na kama zinafika bila kuyumba. Filamu haitumwi ikiwa nzima. Hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa, kuanzia chepesi chenye picha hafifu hadi kizito chenye picha safi. Kabla ya kuomba kipande kinachofuata, programu iliyo ndani ya runinga huangalia vilivyotangulia vimeingia kwa kasi gani, na imebakiwa na akiba ya sekunde ngapi. Akiba hiyo hufanya kazi kama tanki la maji lililo juu ya paa: bomba likikatika kwa muda mfupi, waliomo ndani hawajui. Ila programu ikiona bomba linasuasua haingoji tanki likauke, inateremka mapema kwenye kiwango chepesi. Ndiyo maana siku hizi filamu haikwami sana kama zamani. Inachafuka tu, na mtazamaji hajui kwa nini. Mkondo wa megabiti 8 usioyumba kwa kawaida utakupa picha nzuri kuliko ule unaoruka hadi 30, ukaanguka hadi 2, ukaruka tena, kwa sababu programu hupanga mambo yake kwa kuogopa yale maanguko.

Kasi iliyoandikwa kwenye risiti ni ya kipande kimoja tu cha safari. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Vifurushi vya watu majumbani vilikuwa vile vile. Kwa sababu kama hiyo Netflix imekuwa ikiweka mashine zake zenye nakala za filamu ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti duniani, ili filamu isisafiri mbali kila inapoombwa. Saa tatu usiku, nyumba nyingi zinapowasha kwa pamoja, foleni inaweza kuwa mtaani kwenu, kwenye mitambo ya kampuni, au sebuleni kwako. Kupandisha kifurushi hakuondoi foleni kabla hujajua iko wapi.

Nitajuaje kama kosa ni la kampuni au la nyumba yangu?

Pima mara mbili, saa ile ile ya usiku ambayo picha huharibika. Kwanza pima ukiwa kwenye runinga yenyewe, si kwenye simu iliyo mkononi mwako karibu na rauta. Runinga nyingi zina kivinjari, na programu ya Netflix ina kipimo chake cha mtandao katika sehemu ya msaada. Kisha chukua kompyuta, ichomeke kwenye rauta kwa waya, ufungue fast.com. Kipimo hicho ni cha Netflix na hutumia mitambo yao, hivyo kinapita karibu na njia ambayo filamu zao hupita. Kipimo cha kawaida huenda kikaishia kwenye mtambo ulio mtaa wa pili na kukupa tarakimu ya kufurahisha tu. Waya ukitoa 28 na runinga ikatoa 4, kampuni haina kosa, na megabiti 100 zitakwama pale pale zilipokwama 30. Vyote viwili vikitoa 4, unayo hoja ya kumpelekea mtoa huduma. Mpelekee tarakimu pamoja na saa ulizopima, kwa maana malalamiko ya kwamba intaneti ni mbovu hujibiwa kwa kuambiwa zima uwashe.

Kwa ujenzi wetu, mshtakiwa wa kwanza huwa ni Wi-Fi. Matofali ya saruji, nguzo zenye nondo na mabati hudhoofisha mawimbi vibaya, na rauta nyingi zimeachwa pale fundi wa faiba alipotoboa ukuta, pengine chumbani, ilhali runinga iko sebuleni kuta mbili mbele. Rauta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali, lakini yana chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo la ghorofa lenye familia ishirini zote zinagombania hizo tatu usiku. Ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa, ila hayapendi kuta. Kama rauta na runinga zinaonana, tumia ya 5. Kama hazionani, vuta waya.

Nyumba ni ya kupanga. Siwezi kutoboa kuta, na waya sebuleni unaharibu sura ya nyumba.

Pingamizi hili nalielewa, lakini waya bapa wa mtandao hupita chini ya mlango na kufuata pembe ya sakafu bila kutoboa chochote, na bei yake hulipwa mara moja tu, si kila mwezi kama nyongeza ya kifurushi kikubwa. Wengine husema tundu la mtandao kwenye runinga nyingi ni la megabiti 100 tu, ilhali Wi-Fi mpya inafika mamia. Ni kweli, na haidhuru kitu. Filamu ya 4K inataka 15. Kazi ya waya hapa ni kuleta hizo 15 kila sekunde bila kujali jirani anafanya nini. Ikishindikana kabisa, sogeza rauta: itoe nyuma ya runinga, itoe kabatini, iweke juu, mahali pa wazi. Mita tatu za kusogea na ukuta mmoja kupungua vinaweza kubadilisha jioni nzima.

Runinga inaniandikia 4K, lakini matukio ya gizani yana mabaka ya kijivu. Hiyo ni 4K gani?

Ni 4K halali, na hapa ndipo lebo inapotuchanganya zaidi. 4K ni idadi ya nukta: 3840 kwa 2160, jumla zaidi ya milioni nane. Haisemi kila nukta imepewa taarifa kiasi gani. Picha ya HD kamili isiyobanwa, ya fremu 24 kwa sekunde, ingehitaji karibu megabiti 600 kwa sekunde. Sisi tunaitazama kwa 5. Zaidi ya asilimia 99 ya taarifa imetupwa au imebashiriwa, na ufundi wote uko katika kuchagua cha kutupa. Kinachotupwa mwanzo ni kile ambacho jicho hudhaniwa halitakiona: tofauti ndogo za giza, moshi, majani, mvua, maji yanayotibuka. Tazama ukuta usiku katika filamu yoyote mkondo ukiwa umedhoofika. Kivuli kilichopaswa kufifia polepole kutoka pembeni kinagawanyika ngazi ngazi, kila ngazi na mpaka wake, na mhusika akipita mipaka ile inacheza nyuma yake. Nukta ziko zote milioni nane. Biti ndizo zilizopungua.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitokea Ulaya Machi 2020. Watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, kamishna wa Umoja wa Ulaya Thierry Breton aliziomba kampuni za video zipunguze mzigo kwenye mitandao, na Netflix ikakubali kupunguza matumizi yake kwa takriban asilimia 25 kwa siku 30. Ilifanyaje? Iliondoa viwango vizito zaidi ndani ya kila daraja la picha, na ikawaambia wateja kwamba aliyelipia 4K ataendelea kupata 4K. Lebo haikuguswa, robo ya mzigo ikaondoka. Kama lebo ingekuwa ndiyo ubora, jambo hilo lisingewezekana.

Mtu anaweza kusema kwamba ufundi wa kubana umekua, na biti chache za leo zinafanya kazi ya nyingi za jana. Sawa kabisa. Zamani Netflix ilipanga kiwango kimoja cha juu cha HD kamili kwa filamu zote, megabiti 5.8, lakini tangu Desemba 2015 kila filamu hupimwa peke yake, kwa kuwa katuni yenye rangi tulivu haihitaji biti za filamu ya vita. Kisha kuna kodeki zenyewe, yaani kanuni za kubana picha: H.264 ya 2003, HEVC ya 2013, na AV1 iliyotoka 2018, kila moja ikipata picha ile ile kwa biti pungufu kuliko iliyoitangulia. Ila faida hiyo humfikia mwenye kifaa kinachozielewa. Runinga ya zamani isiyojua HEVC wala AV1 hupewa H.264, na pengine kubadilisha kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI kutakusaidia kuliko kubadilisha kifurushi.

Nimenunua kisanduku cha Android kilichoandikwa 4K, mbona Netflix inatoa picha hafifu?

Kwa sababu hakina cheti. Wenye filamu wanataka ulinzi dhidi ya wizi, na kwenye vifaa vya Android ulinzi huo huitwa Widevine. Kifaa kisichofikia daraja lake la juu, L1, hupewa picha ya kawaida tu hata kama kina uwezo wa kuchora 4K. YouTube itang'aa, Netflix itafifia, na mnunuzi atailaumu intaneti. Kabla ya kulipa dukani, uliza kama kifaa kimeidhinishwa na Netflix, na usikubali jibu la boksi lilivyoandikwa. Kumbuka pia kwamba 4K ya Netflix huja na mpango wa bei ya juu tu.

Basi ninunue runinga kubwa ya 4K?

Inategemea unakaa wapi. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukipiga hesabu kwa runinga ya inchi 43, nukta za HD kamili haziwezi kutenganishwa tena ukikaa zaidi ya mita 1.7 hivi, kwa inchi 32 ni mita 1.3, kwa inchi 55 ni mita 2.2. Sebule nyingi zina kochi kwenye mita mbili na nusu au tatu. Anayetazama inchi 43 kutoka huko analipia nukta ambazo jicho lake halizifikii. Wauzaji watasema runinga za 4K huwa na rangi na mwanga bora, na mara nyingi wana haki. Basi nunua kwa ajili ya rangi na mwanga, ukijua hivyo.

Kabla ya hapo, gusa rimoti. Baadhi ya runinga hutoka kiwandani zikiwa katika modi ya dukani, «Vivid» au «Dynamic», iliyoundwa kushindana na taa kali za dukani. Kama yako iko hivyo, ihamishe kwenye «Cinema», «Movie» au «Filmmaker Mode», hii ya mwisho ikiwa imebuniwa na UHD Alliance mwaka 2019 pamoja na watengeneza filamu. Siku ya kwanza utasema picha ni ya njano na imefifia. Ni kwa sababu jicho limezoea weupe wenye buluu. Filamu zenyewe hutengenezwa kwa weupe wa kelvini 6500 hivi, na baada ya jioni chache modi ya zamani ndiyo itakayokukera. Kama sebule ina jua, ongeza mwanga wa nyuma, usirudi «Vivid». Zima pia ulainishaji wa mwendo, ule unaobuni fremu katikati ya zile 24 na kuifanya filamu ionekane kama tamthilia ya studio; Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima Desemba 2018 kuwasihi watu wauzime. Na punguza ukali wa picha. Ukali hauongezi taarifa iliyotupwa, unachora mistari kuzunguka kilichobaki, yakiwemo mabaka.

Natumia bando la simu. GB zinaisha. Nifanye nini?

Saa moja ya HD hula hadi GB 3, ya 4K hadi 7. Filamu ya saa mbili ni 6 au 14. Ingia kwenye akaunti yako ya Netflix kupitia kivinjari, fungua mipangilio ya matumizi ya data ya profaili yako: kiwango cha kati hutumia hadi GB 0.7 kwa saa, na kwenye kioo kidogo kinavumilika. Wenye faiba isiyo na kikomo waangalie hapo hapo, kwani kuna wanaolalamikia picha wakati profaili yao imebaki kwenye kiwango cha chini tangu enzi za bando.

Na mechi za moja kwa moja?

Hizo ndizo ngumu kuliko zote. Nyasi, umati na kamera inayokimbia ni mzigo mzito wa kubana, na haubanwi mapema kwa utulivu, unabanwa papo hapo. Akiba nayo ni ndogo, kwa sababu kila sekunde ya akiba ni sekunde ya kuchelewa kusikia goli ambalo jirani mwenye king'amuzi ameshalishangilia. Hapa Wi-Fi dhaifu haina pa kujificha. Siku ya mechi kubwa, chomeka waya na usitishe upakuaji wa masasisho kwenye simu na kompyuta za nyumbani hadi filimbi ya mwisho. Kama una king'amuzi chenye chaneli inayoonyesha mechi hiyo, tumia king'amuzi: mawimbi ya satelaiti hayajui kama mtaa mzima unatazama.