"État de siège" tuiite nini kwa Kiswahili?

Tarehe 6 Mei 2021, "état de siège" iliyotangazwa na Rais Félix Tshisekedi ilianza kutumika Ituri na Kivu Kaskazini. Wengi waliifasiri "hali ya dharura". Kwa sisi wa Bukavu, tafsiri hiyo inapotosha.

Mwezi Machi 2020 Rais alitangaza "état d'urgence" kwa sababu ya korona. Hiyo tuliiishi: auditori tupu, makanisa kufungwa, barakoa. Nayo tuliita hali ya dharura. Basi mtu wa Kadutu akiambiwa Goma iko katika hali ya dharura, anaweza kudhani ugonjwa umerudi. Kumbe huko magavana wa kiraia waliondolewa, wanajeshi wakashika mikoa, na raia aliyeshtakiwa kwa jinai akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Katiba ya 2006 haitusaidii sana, kwa maana kifungu cha 85 kinataja hali zote mbili kwa pumzi moja. Tofauti ilikuja na amri za Rais. Katiba ya Tanzania, ibara ya 32, inasema "hali ya hatari". Ni Kiswahili kizuri, lakini haionyeshi nani anatawala. "Hali ya kuzingirwa" ni tafsiri ya neno kwa neno. Msikilizaji atauliza adui amezingira mji upande gani.

Mimi napendekeza "utawala wa kijeshi wa muda". Mwenzangu mmoja alicheka: muda gani? Ana haki. Kifungu cha 144 kinatoa siku 30, kisha Bunge na Seneti vinaweza kuruhusu siku 15 zaidi, tena na tena. Kivu Kaskazini ziliongezwa hivyo kwa miaka. Hata hivyo ningebakiza "wa muda", kwa sababu ndivyo Katiba inavyodai, na raia akilisikia neno hilo anaweza kuuliza swali lile lile la mwenzangu.

Jambo moja mfasiri asiliruke. Kifungu cha 61 kinataja haki zisizoguswa hata wakati huo: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutofungwa kwa sababu ya deni, kujitetea na kukata rufaa, uhuru wa mawazo na dini. "Droit de recours" nimeona ikifasiriwa "haki ya kulalamika". Kulalamika hata kwenye foleni ya maji tunalalamika. Anayehukumiwa na mahakama ya kijeshi anahitaji kusikia "kukata rufaa".