Viungo vya Nyuma ya Jikoni na Chumvi ya Chunguni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Kiasi hicho hakijazi hata kijiko kimoja cha chai. Nyumba ya watu wazima 5 inaweza kujipima bila mizani: ikifuata ushauri huo, pakiti ya nusu kilo itatosha siku 20 au zaidi. Ikiwa pakiti inaisha kwa wiki moja, chumvi imezidi mno. Na hapo haijahesabiwa ile iliyomo kwenye mkate, ng'onda, bajia za kando ya barabara na vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi.

Kilifi ni kaunti ya chumvi. Mashamba ya chumvi ya Magarini yanajulikana nchini kote, na pengine ndiyo maana mkono wa mpishi ni mwepesi ukifika kwenye kopo lake. Chumvi ikizidi, mwili hushika maji, na presha ya damu hupanda. Presha haina kelele. Wengi huigundua baada ya kupooza upande mmoja, au wanapoambiwa kwamba figo zimechoka.

Tatizo ni kwamba chumvi ikipunguzwa kwa ghafla chakula huwa chapwa, watoto hulalamika, na baada ya siku tatu mambo hurudi yalivyokuwa. Hapo ndipo mchaichai, dania, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu huwa na kazi. Viungo hivi haviteremshi presha kama dawa. Kazi yake ni kuujaza mdomo ladha ili chumvi isitafutwe. Ulimi nao hujizoeza. Chumvi ikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mchuzi wa zamani utaonekana mkali.

Mfano ni mchuzi wa samaki wa nazi kwa watu 5. Punje nne za kitunguu saumu hupondwa kwanza na kuachwa kama dakika 10, kwa kuwa viini vyake vyenye nguvu hutokea kinapopondwa, na moto wa mapema huvizuia visitokee. Kaanga kitunguu maji kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya. Mashina mawili ya mchaichai yagongwe kwa mchi hadi yapasuke, yafungwe fundo na kutumbukizwa pamoja na tui jepesi. Yatatolewa kabla ya kupakua. Vikonyo vya dania hukatwakatwa na kuingia sasa, kwani vinastahimili moto. Samaki akikaribia kuiva, mimina tui zito. Epua, kamua ndimu, nyunyiza majani ya dania ambayo yangepoteza harufu yakichemka. Onja kwanza. Ndipo chumvi iingie, nusu kijiko cha chai kwa chungu kizima. Ukali wa ndimu huufanya ulimi udhani chumvi ni nyingi kuliko ilivyo. Ukwaju na embe bichi hufanya vivyo hivyo.

Mboga ya mzungi, yaani mlonge, ina ladha yake na haihitaji chumvi nyingi. Majani yake yana vitamini A, chuma na kalsiamu, lakini kuyachemsha na kumwaga maji ni kumwaga sehemu ya faida. Ng'onda naye alowekwe, maji yabadilishwe mara mbili, na chungu chake kisitiwe chumvi nyingine. Chumvi kidogo inayobaki iwe ile yenye madini ya iodini, ambayo huzuia uvimbe wa tezi shingoni.

Anayetumia vidonge vya presha asiviache kwa sababu ya chai ya mchaichai, hata akijisikia mzima. Anayetumia dawa za kisukari, au za kuzuia damu kuganda, amweleze daktari kabla ya kuanza unga wa mlonge au kumeza kitunguu saumu kwa wingi kila siku. Kiasi cha kupikia hakina shida. Ni dozi za chupani na za unga zinazogongana na dawa. Mjamzito aulize kliniki kabla ya kunywa mchemsho wowote wa miti shamba. Mtoto mdogo asinyweshwe kamwe mafuta ya mwarobaini, ambayo yamewahi kuleta degedege na vifo kwa watoto wachanga. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye kipimo cha presha mwaka 2023, hivyo kupima si lazima kungoje safari ya hospitali.

Miche nayo haina gharama. Shina la mchaichai lenye mizizi hushika hata kwenye mtungi uliopasuka, na maji ya kuoshea mboga yanalitosha. Tawi la mnanaa huota mizizi kwenye glasi ya maji. Dania ndiyo yenye deko: mbegu zake zipasuliwe vipande viwili kwa kusuguliwa na chupa, zipandwe penye kivuli cha mchana, na zipandwe tena kila baada ya wiki tatu, kwa maana jua la pwani huikimbiza kwenye maua kabla majani hayajashiba.