Upepo wa Gurudumu na Njia ya Mchanga

Katika nchi ya Mpanda na Katavi iko mito ambayo wakati wa masika hujaa maji, na kiangazi huacha mchanga mtupu. Tuseme gari lachukua mama mgonjwa kwenda hospitali ya Mpanda, nalo laingia mtoni. Mara magurudumu yazama. Dereva asiyejua huzidisha moto, nayo magurudumu huzidi kujichimbia shimo, hata tumbo la gari hulala juu ya mchanga. Jua lachwa, na mgonjwa yu ndani.

Dereva ajuaye hufanya jambo lionekanalo kama upumbavu: hushuka akatoa upepo magurudumuni. Sababu yake ni hesabu. Ikiwa kila gurudumu lachukua uzito wa ratli 1,600, na upepo wake ni ratli 40 kwa kila inchi ya mraba, basi gawanyeni: gurudumu lakanyaga inchi za mraba 40 hivi. Upepo ukipunguzwa hata ratli 20, lakanyaga karibu inchi 80. Uzito ni ule ule, lakini umetandazwa, na mchanga waweza kuuchukua. Tembo wa Katavi ana siri hiyo hiyo: mguu wake hutanuka akiukanyagia, na akiuinua hunywea, ukatoka matopeni upesi.

Njia ya mawe ni habari nyingine. John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama wa Belfast, aliyepata hati ya gurudumu la upepo mwaka 1888, alitaka kumpunguzia mwanawe mitikisiko ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mpira uliolegea kidogo, kama ratli 30, hulikumbatia jiwe. Ukilegea mno, jiwe huubana juu ya chuma na kuukata, na miiba ya migunga hupata mbavu zake.

Dereva wetu hufukua mchanga mbele ya magurudumu, kisha huondoka polepole bila kukata kona kali, maana mpira mlegevu huweza kuchomoka katika chuma chake. Akifika ng'ambo hathubutu kukimbia barabara ya lami hivyo hivyo. Mpira mlegevu hujikunja kila uzungukapo, hupata moto, hata hupasuka. Kwa hiyo mgonjwa hungoja tena, na utingo hutoa bomba, akapiga gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, na la nne, huku dereva akitazama kipimo.