Fedha za Ghafla Mkononi mwa Wakili

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Mithali 13:11, Isaya 65:11, 2 Wafalme 4:1–7, 2 Wafalme 5:20–27, 2 Wafalme 7:3–9, Luka 12:13–21, Luka 19:1–10, Waefeso 4:28.

Fungu la Kukariri: Luka 16:10. Kila mwanafunzi alikariri kutoka katika Biblia yake.

Swali hili husikika kwenye vijiwe vya bodaboda, sokoni, na wakati mwingine hata nje ya kanisa: "Ukipata milioni tano leo, utafanya nini?" Anayeuliza hazungumzii mabilioni. Anataja kiasi cha kutosha kuezeka nyumba, kununua pikipiki au kulipa ada ya mtoto. Majibu huja haraka. Mmoja atamalizia tofali zake, mwingine atafungua duka, na Mkristo huongeza kwamba kabla ya yote atatoa zaka.

Zamani tiketi ya bahati nasibu ilinunuliwa dukani. Leo mchezo umo ndani ya simu, na simu imo mfukoni mwa kijana aketiye katika darasa la Shule ya Sabato. Kwa wengi swali hili limeacha kuwa la kuchekesha. Limekuwa mpango wa maisha.

Hata hivyo, fedha za ghafla si za kamari peke yake. Kiinua mgongo, fidia ya shamba, urithi, au zamu ya kupokea mchezo wa upatu ni fedha halali zinazoweza kumfikia mtu kwa mkupuo. Juma hili tutaona kwamba fedha za namna hiyo haziumbi moyo mpya. Zinaudhihirisha moyo ambao mtu alikuwa nao tayari. Tutaona pia kwa nini mtoto wa Mungu hazitafuti kwa njia ya kamari.

JUMAPILI
Meza Iliyoandaliwa kwa Ajili ya Bahati

Soma Isaya 65:11. Watu hawa walikuwa wamemwacha nani, nao walimwandalia nani meza?

Nabii anawakemea watu waliousahau mlima mtakatifu wa BWANA wakaandaa meza na divai kwa ajili ya miungu ya bahati. Walitaka kesho yao iwe mikononi mwa kitu kisichowadai utii.

Wengine husema kwamba Biblia yenyewe inataja kura (Mithali 16:33), na kwamba mitume walipiga kura ili kumpata wa kuchukua nafasi ya Yuda (Matendo 1:23–26). Ni kweli. Lakini mitume hawakuweka fedha, na hakuna aliyepoteza chochote ili Mathiya apate. Waliomba kwanza, wakitafuta mapenzi ya Mungu. Mchezaji wa kamari hutafuta mali ya wenzake.

Hesabu ndogo itatusaidia. Tuchukulie mchezo wa kubashiri namba moja kuanzia 000 hadi 999. Watu 1,000, kila mmoja na namba yake, wanatoa shilingi 500 kila mmoja. Zinapatikana shilingi 500,000. Mwenye mchezo anatoa zawadi ya shilingi 300,000 na kubaki na 200,000. Mtu 1 anashangilia, na watu 999 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Na huo ni mchezo mwepesi. Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, nafasi ya kupata zote ni 1 kati ya 13,983,816.

Kwa hiyo fedha za mshindi hazikushuka kutoka mbinguni kama mana. Zilikuwa unga wa nyumba fulani, nauli ya mwanafunzi fulani, dawa ya mgonjwa fulani. Aombaye ashinde anaomba pia, hata kama hajui, kwamba wengine washindwe.

Amri ya kumi (Kutoka 20:17) inahusianaje na mchezo ambao hauwezi kumpa mmoja bila kuwanyang'anya wengi?

JUMATATU
Mshindi Baada ya Miaka Mitano

Soma Mithali 13:11 na Luka 12:13–21.

Mwaka 2011 watafiti watatu wa Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu washindi wa mchezo mmoja wa bahati nasibu wa jimbo la Florida. Waliwalinganisha watu waliopata kati ya dola 50,000 na 150,000 na wale waliopata chini ya dola 10,000. Katika miaka 2 ya kwanza, waliopata nyingi walifilisika mara chache zaidi. Lakini kati ya mwaka wa 3 na wa 5 walifilisika zaidi, hata mwishowe makundi hayo mawili yakalingana. Fedha ziliahirisha tatizo, wala hazikuliondoa.

Mwaka huohuo watafiti wengine waliandika juu ya bahati nasibu ya Uholanzi, ambamo washindi wa mtaa mmoja walipata euro 12,500 kwa kila tiketi. Miezi 6 baadaye washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuliko wengine. Majirani zao, ambao hawakupata kitu, walielekea zaidi kununua magari. Zawadi ya mmoja ilikuwa imeamsha tamaa katika nyumba ya pili.

Sulemani aliyajua haya bila takwimu. Mali iliyopatikana pasipo kazi hupungua, lakini akusanyaye kidogo kidogo kwa mkono wake huongezewa. Sababu si kwamba noti za bahati nasibu ni nyepesi kuliko noti za mshahara. Mtu anayekusanya kidogo kidogo hujifunza, njiani, jinsi ya kutunza. Anayepokea kwa mkupuo hupata fedha bila kupita darasa hilo.

Angalia pia kwamba tajiri wa Luka 12 hakucheza kamari. Shamba lake lilizaa sana, basi. Mavuno yale ya ghafla yalikuwa halali kabisa. Kosa lake lilionekana pale aliposhauriana na nafsi yake tu, akapanga ghala, chakula na starehe, pasipo kumtaja Mungu wala jirani.

Mpango wako wa fedha ambazo hujazipata unawataja akina nani? Ni nani hayumo?

JUMANNE
Mafuta ya Mjane

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwagiza mjane afanye nini kwanza baada ya kuuza mafuta?

Mjane huyu alikuwa ameachiwa deni na marehemu mume wake, mtu aliyemcha BWANA. Mdai alikuwa njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Walioingia katika mikopo inayoitwa "kausha damu" wanaielewa hofu yake. Makochi yamechukuliwa, jiko limechukuliwa, na simu inaita kila saa.

Mungu akampa mkupuo. Lakini soma vizuri jinsi ulivyokuja. Nabii alianza na kile kilichokuwamo nyumbani, chupa moja ya mafuta. Mjane alitoka kuazima vyombo kwa majirani, akafunga mlango pamoja na wanawe, akamimina kwa mikono yake. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Naye, huku nyumba imejaa mali, hakukimbilia sokoni. Alirudi kwanza kwa mtu wa Mungu kuuliza.

Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa na mpangilio: uza, lipa deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kitakachosalia. Sherehe haikutajwa, wala kitenge kipya cha kuwanyamazisha waliomcheka. Kwanza haki ya mdai, kisha chakula cha kesho cha watoto.

Washiriki wengi wakipokea kiinua mgongo hufanya kinyume. Huanza na kinachoonekana, gari au harusi kubwa, na madeni husubiri. Mwaka unapokwisha, gari liko juu ya mawe na mdai yuko mlangoni. Wakili mwaminifu hurudisha zaka, hulipa anachodaiwa, hutenga cha kuishi, na kabla ya yote hayo hukaa chini na mwenzi wake na kuomba. Fedha zikikaa benki majuma machache huku familia ikitafakari, haziozi.

Ni deni gani, dogo au kubwa, ambalo ungelipa kesho kama ungepata fedha? Je, unaweza kuanza kulilipa kidogo kidogo kwa ulichonacho sasa?

JUMATANO
Gehazi na Wakoma Wanne

Soma 2 Wafalme 5:20–27 na 7:3–9. Linganisha jinsi Gehazi na wakoma walivyotenda walipopata mali.

Gehazi aliona fedha zikirudi Shamu pamoja na Naamani, akahesabu kuwa ni hasara. Alikimbia, akadanganya, akaomba talanta 1, akapewa 2. Aliporudi, Elisha hakumuuliza juu ya fedha tu. Alitaja mashamba ya mizeituni na ya mizabibu, kondoo na ng'ombe, watumwa na wajakazi. Vitu hivyo Gehazi alikuwa bado hajanunua hata kimoja. Nabii alikuwa akimsomea orodha iliyokuwa moyoni mwake. Alikuwa amekwisha kujibu swali la "ukipata utafanya nini", na jibu hilo ndilo lililompeleka kwenye uongo na ukoma.

Sura mbili mbele wapo watu wenye ukoma, nje ya lango la Samaria, mji unaokufa kwa njaa. Waliingia katika kambi iliyoachwa na Washami, wakala, wakanywa, wakabeba fedha na dhahabu na mavazi, wakaenda kuficha. Hadi hapo wanafanana na Gehazi. Kisha wakatazamana, wakakiri kwamba wanalofanya si jema, kwa kuwa siku ile ilikuwa siku ya habari njema nao walikuwa wamenyamaza. Wakarudi mjini usiku uleule kutoa habari.

Mji ambao uliwaacha nje ulikula kwa sababu yao. Tofauti kati ya Gehazi na hawa wanne haikuwa kiasi cha fedha. Wao waliikumbuka njaa ya wengine.

Andika orodha ya mambo matatu unayowaza kufanya ukipata fedha. Je, ungependa Elisha aisome mbele ya darasa?

ALHAMISI
Bahasha Mezani pa Mhazini

Soma Kumbukumbu la Torati 23:18, 2 Samweli 24:24, Waefeso 4:28.

Fikiria jambo hili. Kijana anayependwa kanisani, ambaye hana kazi ya kudumu, anashinda shilingi milioni tatu kwa mkeka wa mpira. Sabato inayofuata analeta bahasha ya zaka, shilingi laki tatu. Kanisa linaezeka jengo na fedha zimepungua. Habari za ushindi wake zimejulikana kwa wote. Mhazini afanye nini?

Mwaka 2000 Kanisa la Waadventista Wasabato lilitoa tamko rasmi, ambamo linakataa kamari na kusema kwamba halitaomba wala kupokea fedha ambazo kwa wazi zimetokana na kamari. Linawasihi washiriki wasishiriki bahati nasibu hata kwa nia njema. Msimamo huo unafuata kanuni ya kale. Torati ilikataza mapato ya namna fulani yasiletwe katika nyumba ya BWANA, na Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Bati zilizonunuliwa kwa hasara ya wale 999 zingemfunika nani?

Lakini kuirudisha bahasha ni nusu ya kazi. Kijana akirudishiwa fedha zake kwa aibu mbele za watu, anaweza asionekane tena. Wazee wamwendee nyumbani, wamsikilize kabla ya kumfundisha. Huenda watagundua kwamba nyuma ya ushindi mmoja kuna mikeka mingi iliyochanika, ada iliyopotea, na mama asiyejua. Huenda watagundua pia kwamba kijana alileta zaka kwa moyo wa kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha.

Paulo alipomwandikia yule aliyekuwa akiiba, hakuishia kumwambia aache. Alimwambia afanye kazi kwa mikono yake, ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Injili humgeuza anyang'anyaye kuwa atoaye, na katikati ya mambo hayo mawili imeweka kazi. Kanisa linalomkemea mcheza kamari lina wajibu wa kumuuliza fundi, mkulima na mfanyabiashara aliyemo kundini: je, una nafasi ya kumfundisha kijana huyu?

Kanisa lenu limefanya nini kwa ajili ya vijana wasio na kazi, zaidi ya kuwaonya juu ya kamari?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Luka 19:1–10, pamoja na sura inayomhusu Zakayo katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote. Zakayo alikuwa na mali aliyoipata kwa njia isiyo safi. Tafakari kwamba hakuna aliyemtajia kiasi cha kurudisha. Yesu aliingia nyumbani mwake, na mkono wake ukafunguka.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anasema, "Nikishinda nitamsaidia mchungaji kujenga kanisa, kwa hiyo Mungu atanisaidia nishinde." Mtamjibuje kwa upole, kwa kutumia mafungu ya juma hili?

2. Zakayo aliwajua aliowadhulumu. Aliyeshinda bahati nasibu hawajui walioshindwa. Akitubu, anaweza kufanya nini na fedha alizobaki nazo? Je, yapo majibu zaidi ya moja yanayolingana na Maandiko?

3. Dada mmoja darasani anatarajia kupokea fidia ya shamba mwezi ujao, na ndugu wameanza kupiga simu. Pangeni naye, kwa mfano wa mjane wa 2 Wafalme 4, hatua za kwanza tatu.

4. Luka 16:10 inaanza na uaminifu katika lililo dogo. Taja matumizi moja ya juma lililopita, hata ya shilingi 1,000, yanayoonyesha jinsi ambavyo ungetumia milioni moja.