Vichujio vya Katriji katika Kiwanda cha Bia

Bia itokapo katika tangi la kukomazia huwa ingali na seli za hamira, chembechembe za protini na, mara nyingine, bakteria wa jenasi ya Lactobacillus. Bakteria hao hawamdhuru mnywaji, lakini huifanya bia iwe chachu na yenye ukungu ikiwa imekwisha kutiwa katika chupa. Zipo njia mbili za kuwazuia. Ya kwanza ni ile ya Pasteur, ya kuipasha bia joto la nyuzi 60 hivi za Sentigredi. Ya pili ni kuichuja ikiwa baridi, njia iliyofuatwa na kampuni ya Coors ya Marekani tangu mwaka 1959. Katika njia hii hakuna joto la kuua bakteria waliopenya. Usalama wa bia hutegemea uzima wa kichujio.

Muundo wa katriji

Katriji ni silinda yenye uwazi katikati, ambayo hupachikwa ndani ya chombo cha chuma kisichoshika kutu. Bia husukumwa kutoka nje, hupenya ukuta wa silinda na kutokea katikati. Kanuni yake ni ile ya kichujio cha kauri cha maji ya kunywa, ambacho Charles Chamberland alikibuni nchini Ufaransa mwaka 1884.

Katriji ya kina ina nyuzi zinazonasa chembe katika unene wote wa ukuta. Katriji ya utando ina utando mwembamba uliokunjwakunjwa, wenye vitundu vya mikromita 0.45 hivi. Seli ya hamira, yenye kipenyo cha mikromita 5 hadi 10, haiwezi kupita humo. Kwa kuwa utando ni ghali na huziba upesi, katriji ya kina hutangulizwa ili kuulinda.

Kusoma kanieneo

Vipimio viwili vya kanieneo huwekwa, kimoja kabla ya kichujio na kingine baada yake. Tuseme cha kwanza chaonyesha bar 2.5 na cha pili bar 2.3, tofauti ni bar 0.2. Vitundu vinavyoziba, tofauti hupanda polepole. Ikifikia kikomo alichoweka mtengenezaji, kazi husimamishwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba tofauti ndogo ni dalili njema daima. Ikishuka ghafla ilhali mwendo wa bia haukupunguzwa, huenda utando umepasuka, au pete ya mpira imetoka mahali pake. Kwa kanuni ya Poiseuille, kiasi cha kioevu kipitacho katika tundu huwiana na kipeo cha nne cha kipenyo chake. Tundu lenye kipenyo mara 10 ya vingine hupitisha bia mara 10,000, pamoja na bakteria waliomo. Na bia hiyo yaweza kuonekana safi kabisa machoni.

Kupima uzima

Utando hulowanishwa kwa maji, kisha hewa husukumwa upande mmoja. Mvutano wa uso huyazuia maji yasitoke vitunduni mpaka kanieneo ifikie kiwango fulani, ndipo mapovu yatokeapo. Kanieneo hiyo huwiana kinyume na kipenyo. Tundu kubwa mara 10 hutoa mapovu kwa sehemu moja ya kumi tu. Jaribio hufanywa kabla ya kazi, na tena baadaye, ili bia ya siku hiyo izuiwe ghalani iwapo kichujio kimeharibika.

Utunzaji

1. Mara baada ya kazi, katriji isuuzwe kwa maji safi yaliyochujwa, kabla mabaki hayajakauka.
2. Ioshwe kwa soda kostiki vuguvugu ya kiwango alichoruhusu mtengenezaji, kisha isuuzwe mpaka litmasi nyekundu isigeuke buluu.
3. Vijidudu viuawe kwa maji ya nyuzi 80 hadi 85 kwa dakika 20 hadi 30. Plastiki yenye moto hulegea. Basi kanieneo isizidishwe.
4. Katriji iachwe ipoe ndipo ipimwe.
5. Vali zifunguliwe taratibu, kwani mshtuko wa kioevu huupasua utando.

Maswali

1. Tundu lenye kipenyo mara 5 ya vingine hupitisha kioevu mara ngapi zaidi?
2. Kwa nini kushuka ghafla kwa tofauti ya kanieneo kwaweza kuwa hatari kuliko kupanda kwake polepole?