Ufupisho: Kioo cha Simu na Unyevu

Soma kifungu hiki kisha jibu maswali yanayofuata.

Mkulima wa Kyela hahitaji kuelezwa ubaya wa unyevu. Mvua za ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni nyingi, na kakao isiyokauka vizuri huota ukungu ndani ya gunia. Vioo vya simu vya OLED vina adui huyohuyo. Ndani yake mna tabaka nyembamba za kemikali za kaboni zinazotoa mwanga zenyewe umeme unapopita. Mvuke wa maji au oksijeni ikizifikia, sehemu iliyoguswa huzimika, na doa jeusi huanza kupanuka.

Kwa hiyo tabaka hizo huzibwa kiwandani. Kipimo kinachotajwa sana ni kwamba kizibo kisipitishe zaidi ya sehemu moja ya milioni ya gramu ya mvuke kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa kasi hiyo, gramu moja ingechukua zaidi ya miaka 2,700 kupenya. Plastiki peke yake haifikii hapo. Kioo kigumu hufunikwa kwa bamba la kioo lililounganishwa kingoni. Kinachokunjika hufunikwa kwa utando ambao silikoni nitridi na plastiki hupishana: ya kwanza huzuia mvuke, ya pili hufukia vitundu vyake.

Wanunuzi wakubwa wa malighafi hizi ni viwanda vichache, vikiwamo vya Samsung Display na LG Display vya Korea Kusini na BOE ya China. Madukani hazipo. Ndiyo maana ufa ukifika ndani, fundi simu habandiki kiraka. Hubadilisha kioo kizima, na mteja hulipia kioo kizima. Protekta huzuia mikwaruzo, lakini haizibi ufa.

Maswali
1. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 25.
2. Kwa nini fundi hawezi kuziba ufa uliofika ndani?
3. Neno "kioo" limetumika kwa maana mbili. Zitaje.

Mwongozo
Swali la 1 lina mtego. Miaka 2,700 inavutia, lakini ni mfano wa kukuza hoja. Ukiinakili, maneno yako yataisha kabla hujataja aina mbili za vizibo. Jibu mojawapo (maneno 21): Vioo vya OLED huzibwa kiwandani visiingiwe na mvuke. Vigumu huzibwa kwa bamba la kioo. Vinavyokunjika huzibwa kwa utando wa tabaka zinazopishana.

Swali la 2 lijibu kwa maneno yako mwenyewe. Kwa la 3, linganisha "kioo cha simu" na "bamba la kioo".