Pomboo wa Kizimkazi: Funzo la Huruma



Kizimkazi, kusini mwa Unguja, penye msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia), wageni hupanda boti kwenda kutazama pomboo. Zamani wavuvi waliwaua wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 pomboo hai huwaletea watu riziki. Lakini boti nyingi zinapowafukuza, na waogeleaji kuwarukia, pomboo hukosa kupumzika na kunyonyesha watoto wao.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwahurumia wanyama. Kutafakari viumbe vya Allah ni ibada. Kuviudhi ni dhulma. Basi boti iende taratibu, ikae mbali. Nasi wa Kihurio, tusio na bahari, tuanze na mbuzi na ng'ombe wetu.

Wabillahi tawfiq.